SOMO: Logilaini ya filamu ya antholojia, naandika mara moja tu

Wiki hii nimeulizwa na watu sita. Mmoja kanipigia saa nne usiku, hata salamu hakuna: "Kaka, nina visa vitano, kila kimoja na mtu wake, sasa hiyo sentensi moja naiandikaje?" Nimejibu mpaka nimechoka. Kuanzia leo anayeniuliza inboksi namrudisha hapa.

Kwa wageni: logilaini ni sentensi moja, zikizidi mbili, inayomwambia prodyuza filamu yako inahusu nini. Nani, anataka nini, kipi kinamzuia, akishindwa itakuwaje. Antholojia ni filamu moja iliyobeba visa vifupi kadhaa, kila kimoja na watu wake. Kinachowasumbua wote ni hicho: logilaini inataka mtu mmoja, antholojia inakuletea watano na wote wanataka kiti cha mbele.

Mimi hili jambo sikulisoma darasani. Nililiona kwa jamaa mmoja aliyekuwa na kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, Mabatini hapa Mwanza, miaka hiyo bado tunakaa kwenye mabenchi ya mbao na pazia ni blanketi la kijivu. Mlangoni aliweka ubao mweusi. Jina la filamu hakuliandika, maana lilikuwa la Kiingereza au la Kichina na hakuna aliyelijali. Alishika chaki akaandika kitu kama ASKARI KAFUKUZWA KAZI, MAJAMBAZI WAMEMCHUKUA MKEWE, SAA KUMI JIONI. Watu wanajaa. Siku moja akapata filamu ya visa vinne, hakuna mtu wa kisa kimoja anayeonekana kwenye kingine. Alikaa pale mlangoni anatafuna kijiti cha kiberiti, anafuta, anaandika, anafuta. Mwisho ubao ukasomeka: VISA VINNE, JINI MMOJA. Sisi wengine siku ile tulitazamia dirishani.

Tuanze.

HATUA YA 1. Maliza visa vyako. Kama una viwili na "cha tatu nitakifikiria", funga huu ukurasa ukaandike.

HATUA YA 2. Kila kisa kiandikie sentensi yake. Mtu, anachotaka, kinachomzuia. Usiweke majina: "Juma" haniambii kitu, "mvuvi anayedaiwa mashine ya mtumbwi" ananiambia na umri wake. Tumia wakati uliopo. Sentensi hizi ni za kwako mezani, hakuna atakayeziona.

HATUA YA 3. Tafuta uzi.

Hapa ndipo nilipoungua, tena mara mbili, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha. Nilikuwa na visa vinne vya hapa hapa Mwanza. Nikapata nafasi ya kusimama mbele ya jopo Dar, dakika mbili kila mtu. Nikapanda basi Nyegezi alfajiri, nikalala kwa shemeji Mbagala, asubuhi nikasimama na hii, neno kwa neno: "Mvuvi wa Igombe anapata sangara mkubwa, wakati huohuo mama muuza dagaa Kirumba anadaiwa na kikoba, huku dereva wa bodaboda Mabatini akiwa amempa mimba binti wa mchungaji, na mlinzi wa Capri Point anagundua siri ya bosi wake." Niliimaliza bila kukosea na nikajiona bingwa. Mama mmoja wa jopo akavua miwani: "Kijana, kati ya hizo nne, unaomba hela ya ipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma daftari la mahudhurio. Kila kisa nilikiona mwanangu, sikutaka kumwacha hata mmoja nje, na mwisho hakuna aliyeingia.

Mwaka uliofuata nikarudi nimejirekebisha, nikaangukia upande wa pili wa mtaro: "Filamu inayogusa maisha, mapenzi na tamaa za watu wa kando ya Ziwa Victoria." Mama yuleyule. Akasema, "Hiyo hotuba." Basi la kurudi lilikuwa refu sana.

Kwa hiyo uzi haupatikani kwa kuorodhesha, na haupatikani kwa kupanda juu mpaka ukawaona watu kama sisimizi. Fanya hivi. Zile sentensi za hatua ya 2 ziweke kwenye ukurasa mmoja, chukua kalamu, zungushia kila kitu kinachojitokeza zaidi ya mara moja. Kwangu wote wanne walikuwa na deni. Wote. Nilikuwa nimeandika mwaka mzima sikuwahi kuliona. Na kwenye visa viwili kulikuwa na bondo la sangara, kibofu kile cha hewa cha samaki ambacho wanunuzi wanakigombania kuliko nyama yenyewe. Nikalipeleka bondo kwenye visa vingine viwili, vikakubali bila kulazimishwa. Uzi ukapatikana.

Uzi unaweza kuwa kitu kinachopita mikononi, kama hilo bondo. Unaweza kuwa muda: Jim Jarmusch mwaka 1991 alitoa Night on Earth, teksi tano, miji mitano, usiku mmoja, na ukishasema hivyo umeshasema filamu. Unaweza kuwa msimulizi. Alfu Lela Ulela ina visa huwezi kuvimaliza kwa vidole, lakini logilaini yake ni ya mtu mmoja: mke anasimulia hadithi kila usiku ili mfalme asimuue asubuhi. Ukiwa na msimulizi wa namna hiyo shukuru Mungu, andika logilaini yake yeye, hao wengine wote ni abiria.

Uzi wa dhamira nao upo, ila ni mgumu. Ile ya Argentina ya 2014, Relatos salvajes ya Damián Szifron, ina visa sita visivyochangia mtu wala mahali. Inasimama kwa sababu kilichoviunganisha ni kisasi, na kisasi ni kitu ambacho mtu anakifanya kwa mikono yake. "Maisha" hayafanywi. "Upendo" peke yake haufanywi.

ONYO LA KWANZA. Mwanza si uzi. "Visa vitano vinavyotokea Mwanza": hata daladala ya Igoma ina visa vitano kabla haijafika Mlango Mmoja. Mahali panakuwa uzi pale panapowafungia watu ndani, kama feri, wodi, kambi ya wavuvi, kisiwa ambacho mtumbwi umeshaondoka.

ONYO LA PILI. Ukiona "wakati huohuo", "huku" au "kwingineko" vimefika viwili kwenye sentensi, bado unaorodhesha. Rudi kwenye kalamu.

HATUA YA 4. Uzi uwabane wote. Bondo kupita mikononi mwa watu wanne bado ni picha tu. Linawafanya nini? Nilitafuta swali moja ambalo kila anayelishika lazima alijibu kwa namna yake, nikapata hii (Mwaloni ni soko letu la samaki, Kirumba):

"Bondo la sangara lililoibwa Mwaloni alfajiri linapita mikononi mwa watu wanne ndani ya siku moja, na kila anayelishika hana budi kuchagua: alipe deni lake, au amwokoe kijana aliyesingiziwa wizi."

Angalieni. Bodaboda hayumo kwa jina, mlinzi hayumo, binti wa mchungaji hayumo. Wako ndani ya "watu wanne". Hiyo namba ndiyo inayomjulisha prodyuza kwamba hii ni antholojia, huna haja ya kuanza na "filamu hii ni antholojia inayoelezea". Mwisho wa filamu nao siusemi.

HATUA YA 5. Hesabu maneno. Hiyo yangu ni 29. Miongozo ya Kiingereza mara nyingi inakuambia usivuke 30 au 35, na watu wanaimeza hivyohivyo. Ila "anayelishika" kwetu ni neno moja, Mwingereza anahitaji fungu zima. Kwa upande mwingine vijineno vyetu vya ya, wa, la, mwa vinajaza hesabu bila kubeba mzigo. Kwa hiyo mimi namba naitazama kwa jicho moja, kipimo changu ni pumzi: isome kwa sauti, ukikatika katikati ni ndefu. Na hapohapo angalia nani kamfanya nani. Kiswahili hakina yeye wa kike na wa kiume, kwa hiyo "anamwambia kuwa amemsaliti" ikiwa na watu wanne ndani ni fumbo la jioni.

HATUA YA 6. Msomee mtu asiyekupenda sana. Akiuliza "halafu?", imekaa. Akisema "nzuri", haijakaa.

Maswali chini. Someni kwanza.

*

Kijana Nyakato: Mkuu somo zuri sana, sijasoma lote, kwani logilaini inatakiwa maneno mangapi?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana Nyakato: Sawa ila ungesema tu namba mkuu.

Jibu: Nimeisema. Hatua ya 5.

Dairekta wa Mtaa: Bosi mimi nina visa saba, skripti imekamilika kurasa 140. Nakutumia WhatsApp uniandikie logilaini, tutaelewana.

Jibu: Kurasa 140 umeandika wewe, sentensi moja inakushindaje? Fanya hatua ya 2, weka hapa sentensi saba, tutazitazama wote. Skripti usinitumie.

Dairekta wa Mtaa: Nikiziweka hapa wataniibia wazo.

Jibu: Sheria ya hakimiliki hailindi wazo, inalinda kazi uliyoiandika. Skripti unayo, ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uisajili, ulale. Wazo la "mtu kafiwa na baba, ndugu wanagombea nyumba" limeshaibwa tangu zama za babu zetu.

Sato Mbichi: Mimi naona unachanganya mambo. Filamu ambayo watu wa visa tofauti wanakutana mwishoni ni antholojia au siyo?

Jibu: Sijachanganya, sikuligusa, ndugu. Visa vikisukana, yaani tunarukaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka wanagongana, wengi hawaiiti antholojia, ni hadithi yenye wahusika wengi. Antholojia kila kisa kinasimama kwa miguu yake: unaweza kukikata ukakionyesha peke yake kikaeleweka. Za katikati zipo, na watu wanabishana. Kwa logilaini haijalishi, uzi ni uleule.

Sato Mbichi: Umejibu kwa hasira lakini nimeelewa.

Binti Ukara: Shikamoo kaka. Nimesoma mara mbili. Nina visa vitatu, vyote kambi ya dagaa kisiwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwa hiyo kambi inalala siku kadhaa. Kisa cha kwanza, mpishi wa kambi anakopesha watu chakula na anaogopa hawatamlipa. Cha pili, kijana mgeni anataka kutoroka kabla tajiri hajapiga hesabu. Cha tatu, mke amemfuata mumewe kambini akakuta ana mke mwingine. Nilifikiri uzi ni kisiwa, lakini umesema mahali pekee hapatoshi. Au ni mwezi? Naona mwezi ni mzuri lakini naogopa unakuwa wa kishairi tu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali kama hili ndiyo maana nimeandika. Mwezi hauko kishairi hapo hata kidogo, ni wa hesabu. Jiulize mwezi unawafanyia nini hao watatu. Siku za giza mume yuko ziwani usiku, mchana kalala, mke asingepata muda wa kumhoji. Kijana asingekuwa na nafasi ya kufikiria kutoroka, mikono ingekuwa kwenye wavu. Mpishi angelipwa. Kinachowabana wote ni kwamba hakuna kazi, na pasipo kazi yale waliyokuwa wanayakimbia ziwani yanawakuta nchi kavu. Una uzi wa muda NA wa mahali panapofunga, vyote bure. Anza na "Mbalamwezi inapowafungia kambini wavuvi wa dagaa..." halafu malizia mwenyewe. Nikuandikie yote nitakuharibia. Ila kitu kimoja: weka idadi ya siku.

Binti Ukara: "Mbalamwezi inapowafungia kambini wavuvi wa dagaa kwa siku saba bila kazi, mpishi, mtoro na mke aliyefika bila taarifa wanapaswa kudai haki yao kabla giza halijarudi na mitumbwi kuondoka."

Jibu: Aisee. "Kabla giza halijarudi." Kwa kawaida watu kwenye filamu wanaogopa giza, wako giza ni riziki. Usiiguse hiyo. Badilisha kitu kimoja tu, "wanapaswa" ni neno la waraka wa ofisini. Jaribu "wana siku saba za kudai haki yao", uone kama utaweza kuifuta ile "siku saba" ya juu.

Binti Ukara: Wabeja sana kaka, naijaribu leo.

Mzee wa Kirumba: Wakati wetu hakukuwa na logilaini na filamu zilitoka.

Jibu: Kweli mzee. Shikamoo.

Dairekta wa Mtaa: Kwa hiyo kwenye kuwasilisha, natumia simu kurekodi au nasimama?

Jibu: Hili si la somo lakini sawa. Ukirekodi, ingia chumba chenye mapazia na godoro, sauti haitarudi ukutani. Usirekodi kando ya ziwa kwa ajili ya mandhari, upepo utakula kila neno. Nakusubiri na sentensi saba.

Bi Mwaloni: Mdogo wangu, somo nimelipenda, ila hilo bondo lako moja limenichekesha. Niko Mwaloni mwaka wa 11. Bondo haliuzwi moja moja kama embe, linapimwa kwa kilo, na kilo ya mabondo makubwa bei yake si ya madogo. La sangara wa kawaida ukiliiba moja hulipi deni la mtu yeyote wa maana, labda la vocha.

Jibu: Dada, ni filamu, si mizani. Mtazamaji wa Dodoma hajui bei ya bondo.

Bi Mwaloni: Wa Dodoma hajui. Mimi najua, na Kirumba nzima inajua, na sisi ndio tutakaojaa siku ya kwanza.

Jibu: Nimekaa na hilo jibu lako tangu mchana. Umenishinda. Mwizi angeiba nini hasa?

Bi Mwaloni: Angeiba mfuko. Na haonekani kabisa, maana tunayasafisha hapohapo: likitoka tumboni lina utando na damu, unalikwangua na kuliosha mpaka linabaki jeupe, linateleza, ukilishika kwa mkono mmoja linakuponyoka. Mwizi anayafunga kwenye nailoni anaiweka kiunoni ndani ya shati, anatembea kama mwenye kitambi. Niliwahi kumkamata mmoja kwa sababu shati lilikuwa limelowa mbele na mvua hakuna.

Jibu: Shati limelowa na mvua hakuna! Hiyo inaingia, na nitakutaja. Logilaini mpya, maneno 31: "Mfuko wa mabondo ya sangara ulioibwa Mwaloni alfajiri unapita mikononi mwa watu wanne ndani ya siku moja, na kila anayeushika hana budi kuchagua: alipe deni lake, au amwokoe kijana aliyesingiziwa wizi."

Bi Mwaloni: Sasa hapo sawa. Ila hao watu wanne wana friji?

Jibu: Friji ya nini?

Bi Mwaloni: Mabondo mabichi bila barafu, jua la saa nane likiyakuta kwenye nailoni yananuka, na mnunuzi akinusa anashusha bei. Wa kwanza kushika mfuko ana pesa. Wa nne jioni ana uvundo.

Jibu: Ngoja. Kwa hiyo kila kisa kinachofuata, kuokoa kijana kunakuwa rahisi zaidi kwa sababu mfuko haulipi tena, na bado wa tatu anakataa. Na mimi nilikuwa nimewapanga kwa mpangilio wa alfabeti ya mitaa, Mungu anisamehe. Dada, unakuwepo pale saa ngapi? Nakuja na daftari.

Bi Mwaloni: Saa kumi na moja alfajiri. Daftari litalowa, njoo na gambuti.

Kijana Nyakato: Kwa hiyo ni maneno 29 au 31?